Neno Kabla ya Udongo

Mwigizaji Frednand alikuwa amelala ndani ya jeneza, msomaji, mzima kabisa.

Kifuniko kilikuwa wazi. Uso wake ulikuwa umepakwa poda na majivu mpaka rangi yake ikapotea. Pamba zilikuwa puani, mikono imekunjwa kifuani. Kamera ilikuwa inamtazama kwa juu. Na sauti aliyoisikia upande wa kichwa chake haikuwemo kwenye filamu.

"Sogeeni. Nimwone mwanangu."

Ilikuwa sauti ya baba yake.

Mzee Ndikuriyo hakuwa mwigizaji, wala hakualikwa. Alikuwa hajasema neno na Frednand tangu Generoza, mama yake Frednand, alipozikwa na Frednand asionekane msibani. Sasa alikuwa amekuja kumzika.

Ilikuwaje? Twende taratibu, kwa sababu hapa hakuna aliyekusudia ubaya.

Wiston, mwongozaji wa filamu, alikuja Ngara na kibali halali. Alikodi shamba kando ya barabara chini ya kilima cha Mabawe, akachimbisha kaburi, akapanga watu wake wa msiba. Lakini kilio cha Nice, binti aliyeigiza mjane, hakikumridhisha.

"Unalia kama mtu aliyeibiwa simu," alimwambia.

"Ndiyo niliyokuwa naikumbuka," alisema Nice. "Iliibiwa kweli, pale stendi."

Wiston akawaendea wanawake wa jirani waliokuwa wamesimama kutazama. "Mama zangu, hebu nisaidieni. Lieni kama mnavyolia kwenu."

Wakalia kama wanavyolia kwao.

Wiston hakujua kwamba kilio kile, kikitoka bondeni na kupanda kilima, ni mwito. Anayekisikia hamalizi tuta alilokuwa analilima. Mwanamume anakuja na jembe lake, kwa sababu lazima mtu achimbe. Mwanamke anakuja na kuni kichwani au mkungu wa ndizi. Hakuna anayeuliza kwanza nani amekufa. Hayo mtaambiana mkishafika.

Frednand alijua. Alizaliwa kwenye kilima hicho hicho. Lakini wakati kilio kinaanza alikuwa ameshalala, kamera imeshawashwa, na hakufungua mdomo. Kwa nini? Yeye mwenyewe, hata leo ukimuuliza, atakwambia hajui.

Na kulikuwa na Eustakia, jirani wa mzee, aliyekuwa akipita barabarani na ndoo yake. Alimwona Frednand akiwekwa ndani ya jeneza, uso wa majivu. Akaitua ndoo pale pale, akakimbia.

Ndiyo maana kilima kizima kilikuwa kimeshuka.

"Si nilikwambia, mzee?" Eustakia alikuwa anasema sasa. "Nilimwona wanamwingiza. Nikajisemea, Eustakia, usilie hapa, nenda kwanza kwao."

"Amekufa na nini?" sauti ya mwanamume ikauliza nyuma.

"Hawasemi. Watu wa mjini wanakufa tu."

"Na hizo kamera?"

"Ah, bwana wee, ulikuwa wapi? Misiba ya wakubwa siku hizi inapigwa video. Huyu alikuwa mtu wa televisheni. Asipopigwa yeye, apigwe nani, wewe?"

Watu wawili watatu wakaguna. Hakuna aliyecheka, kwa sababu msiba ni msiba.

Kando ya jeneza, Nice alimsogelea Wiston huku amejifunika khanga usoni.

"Wiston, huyu mzee si wa kwetu."

"Nimeona."

"Ni baba yake. Baba yake wa kweli!"

"Nimeona, Nice. Wewe ni mjane. Lia." Kisha akamgeukia mpiga picha na kumwambia kwa midomo tu, bila sauti: usizime.

Frednand alisikia yote hayo. Ungedhani moyo ungempasuka. Haukupasuka. Ulikuwa unapiga polepole, kama alivyoufundisha.

Kufa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alianzia Biharamulo, kwenye kikundi kilichozunguka na maigizo ya afya siku za magulio. Siku moja huko Kaniha kijana aliyetakiwa kufa kwa malaria alishindwa kujizuia kucheka, wakamweka Frednand mahali pake. Frednand akafa. Alikufa vizuri hata walipofika Nyantakara mama mmoja wa Kisukuma akapanda jukwaani, akamfunika kwa kitenge chake, akashuka analia. Onyesho liliisha, watu wakatawanyika, mama yule hakurudi kukidai kitenge.

Toka hapo hakuachwa hai. Dar es Salaam alikufa kwenye tamthilia ya televisheni kama jambazi, akarudi kama pacha wa jambazi, akafa tena. Alikufa hospitalini, alikufa barabarani, alikufa kwa sumu ya mke wa tajiri. Wenzake walimwita Marehemu, naye aliitika. Filamu hii ya Wiston ndiyo ya kwanza iliyoliweka jina lake mbele ya waigizaji wote, na hata hiyo ilimtaka afe mwanzoni na kukumbukwa mpaka mwisho.

Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza. Pumua kwa chini ya kitovu, wakati wengine wanalia, ili sauti yao ifunike pumzi yako. Ulimi uubane juu. Halafu fikiria ukuta mweupe. Usifikirie kitu kingine. Ukuta tu.

Tatizo ni kwamba ukuta ule ulikuwa umekataa kuondoka. Siku alipopata habari kwamba mama yake amekufa, tena ameshazikwa, alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali ya kuigiza, shuka usoni. Aliinuka, akasikiliza simu, akasema "sawa," akalala tena wakamaliza kurekodi. Machozi aliyasubiri jioni. Akayasubiri wiki ile. Mpaka leo hayajaja.

Na aliyemlaumu alikuwa mmoja tu: kaka yake, Pancras. Pancras ndiye aliyekuwa na namba yake. Pancras ndiye aliyempigia kila mara, akiugua mtu, akizaliwa mtu. Ila mama yao alipougua mpaka akafa, Pancras hakupiga. Frednand aliamua kwamba ni wivu wa mtu aliyebaki shambani. Akakata mawasiliano naye.

Tukumbuke hilo, kwa sababu Pancras naye alikuwa ameshafika.

Frednand alimtambua kwa hatua zake, nzito na zisizo na haraka. Zilipita jeneza bila kusimama, zikaenda kaburini.

"Nani amechimba kishimo hiki?" Pancras aliuliza.

Akapima kina kwa macho.

"Nauliza, nani amechimba? Hili ni kaburi au shimo la kuivishia ndizi?"

"Samahani, kaka," alianza Wiston. "Hilo linatosha kwa..."

"Kwa nani? Kwa mtu mrefu kama ndugu yangu? Mvua moja tu, mbwa watamfukua." Akaruka ndani. "Nileteeni jembe lenye mpini mfupi."

Akaanza kuchimba.

Frednand alikuwa amelala karibu kiasi kwamba udongo uliotupwa juu uligonga ubao wa jeneza. Jembe lilishuka, likapanda, likashuka. Kaka yake alikuwa anamwongezea kina.

Ukuta, alijiambia. Ukuta tu.

Angeweza kuinuka. Swali hilo lazima tulijibu, maana najua unaliuliza. Angeweza kusema, "Jamani, ni mchezo," na jambo likaisha. Kwa aibu, labda kwa fimbo mbili tatu, lakini lingeisha.

Hakuinuka kwa sababu baba yake alikuwa amesimama pale. Tangu mazishi ya Generoza, Frednand alikuja Mabawe mara kadhaa, na kila alipoingia mlango wa mbele, mzee alitokea wa nyuma na kwenda kwenye shamba lake la kahawa. Alikuwa hajasikia sauti ile ikimtaja. Leo ilikuwa imesema "mwanangu." Alitaka kujua itasema nini tena. Ni hilo tu. Akiinuka, sauti itanyamaza, na safari hii itanyamaza moja kwa moja.

Kwa hiyo akaendelea kufa.

"Wewe ndiye mke wake?" mzee alimuuliza Nice.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni mke wake?"

Nice alimtazama Wiston. Wiston akatazama kamera.

"Ndiyo, baba," alisema Nice, na safari hii sauti yake ilitetemeka bila kufundishwa.

"Pole sana, mwanangu. Hatukuwa na habari zako. Huyu hakuwa mtu wa kuleta habari."

"Mtazame kucha zake," Eustakia alimnong'oneza mwenzake. "Na hizo angepalilia nini?"

"Nyamaza, mfiwa anakusikia."

"Asikie. Kucha ni zake."

Mzee Ndikuriyo akainua mkono, na watu wakatulia. Hata waliokuwa wanalia walipunguza. Jembe la Pancras peke yake liliendelea.

"Mnajua desturi," alisema mzee. "Mtu haendi chini na neno la mtu. Mwenye neno naye anasema kabla ya udongo. Akishafunikwa, ukisema umechelewa, na neno litabaki ndani yako likuozeshe wewe. Mimi ni baba yake. Naanza."

Wiston, tumpe haki yake, wakati huu alipiga hatua moja mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mzee, samahani, kabla hujaendelea, kuna jambo..."

"Kijana," mwanamume mmoja mwenye jembe begani akamzuia kwa kifua, "mzee anaongea."

"Lakini huyu..."

"Huyu amekufa. Hana haraka. Na wewe usiwe nayo."

Wiston akarudi nyuma.

Mzee Ndikuriyo akapiga goti. Frednand alisikia magoti yakilia, na harufu ya tumbaku ikashuka usoni pake.

"Frednand," alisema. "Watu wote hapa wanajua kwamba hukuja kumzika mama yako. Wamekusema. Mimi mwenyewe niliwasikia wakikusema, na sikuwakataza."

Akainua uso kuwatazama watu.

"Leo nawaambia. Hukuitwa."

Jembe likasimama, na kichwa cha Pancras kikatokeza kaburini.

"Pancras alitaka kukupigia. Alikuwa ameshashika simu. Nilimnyang'anya. Nikamwambia, ukimpigia, wewe si mwanangu, na ukimwambia mtu kwamba nilikukataza, wewe si mwanangu pia. Akatii. Amekula lawama zako hadi leo kwa sababu alinitii."

Mtu fulani kwenye kundi alisema, "Yesu na Maria."

"Unataka kujua kwa nini. Nilikuwa nakuona kwenye televisheni pale senta, madukani. Kila nikikaa, unakufa. Nikitoka wiki hii umekufa, wiki ijayo watu wananiambia, mzee, kijana wako amekufa tena jana. Wanacheka. Mama yako akaanza kuugua. Nikasema moyoni, mtoto huyu amechezea kifo mpaka kimezoea njia ya kwetu. Akiingia ndani ya nyumba hii sasa, kitaingia naye na kumchukua mama yake. Nilikufungia mlango ili mama yako apone."

Akapumua.

"Hakupona. Kifo kilikuja bila wewe."

Frednand alisikia maneno yale moja moja, kama mtu anayesomewa maneno ya mwigizaji mwingine. Alingoja yamchome. Alijikuta anafikiria kama kipaza sauti kilichofichwa kwenye ua la jeneza kilikuwa kimenasa vizuri. Alijichukia kidogo kwa hilo, na hata chuki ile ilikuwa ya mbali.

"Alikuita," aliendelea mzee, sasa kwa sauti ya chini. "Usiku na mchana alikuita. Nilimwambia, yuko njiani. Nikamwambia, ameshapita Biharamulo. Nikamwambia, ameshafika Ngara mjini, anatafuta usafiri. Alikufa anaangalia mlango. Hilo ndilo neno langu kwako. Si neno nililokuwa nalo juu yako. Ni neno ulilotakiwa kuwa nalo juu yangu, na hukulijua. Nimekusemea."

Halafu mzee Ndikuriyo akafanya kitu ambacho baba hufanya. Alinyoosha mkono akauweka juu ya paji la uso la mwanawe.

Sasa tusimame hapa kidogo.

Poda inaweza kubadilisha rangi. Majivu yanaweza kukausha midomo. Lakini hakuna mtaalamu wa Dar es Salaam, wala wa popote, aliyegundua kitu cha kupaka mtu ili awe baridi.

Mkono wa mzee ulitulia. Haukuondoka. Kidole kimoja kilishuka polepole mpaka kwenye shingo, kikakaa pale, kikasikiliza.

Frednand akafungua macho.

Mgongo wa mzee ulikuwa umewaziba watu wote. Katika Mabawe nzima, ni hao wawili tu walioonana. Uso wa mzee haukuonyesha furaha. Haukuonyesha hasira. Ulikuwa umechoka tu, uso wa mtu aliyepanda na mzigo mlima mzima na kuambiwa kwamba haukuwa mzigo wake.

Nyuma yake kulikuwa na wanaume wenye majembe, walioacha kazi zao, waliomlilia mtu aliye hai. Mzee aliwasikia, na alijua watakachomfanya mwanawe wakigundua. Frednand aliwasikia pia.

Mzee Ndikuriyo akainama mpaka sikioni. Alisema neno moja tu, kwa lugha ya kwao, Kihangaza, kama alivyolisema zamani kwa mtoto mwenye homa:

"Lala."

Frednand akafumba macho.

Ukuta mweupe, wa miaka yote ile, alipoutafuta hakuuona.

Mzee alisimama, akajipangusa magoti. Alipogeuka kwa watu sauti yake ilikuwa ile ile.

"Nimemaliza. Mwingine mwenye neno na aseme."

"Mzee," alisema Eustakia, "mbona umechelewa kumfunga macho? Nilidhani utaanguka humo."

"Yamefungwa. Mwingine?"

Wiston alikuwa ameona mkono ukitulia. Alimnong'oneza mpiga picha, "Amejua. Yule mzee amejua." Mpiga picha hakumjibu. Alikuwa analia, na kamera ilikuwa inatikisika.

Kaburini kukasikika mtu akipanda. Udongo ulimomonyoka, viganja vikashika ukingo. Pancras alitoka ametapakaa tope jekundu mpaka mapajani, jembe mkononi. Hakumtazama baba yake.

"Pancras," alisema mzee haraka. "Wewe huna neno naye. Nimeshakusemea."

"Umejisemea wewe, baba."

"Pancras."

"Desturi ni ya wote au ni ya wazee peke yao?"

Watu walinung'unika kwamba ni ya wote. Mzee akasogea mbele ya jeneza, kama mtu anayetaka kulifunika kwa kanzu. Pancras akamshika mabega, kwa heshima, akamweka kando. Ikawa ni mara ya kwanza kwa mwana yule kumgusa baba yake namna ile.

Akapiga goti palepale lilipokuwa goti la mzee.

Frednand alisikia pumzi ya kaka yake, ya mtu aliyechimba bila kupumzika. Alijaribu kubana ulimi. Alijaribu kupumua chini ya kitovu. Mwili uliokufa kila wiki kwa miaka mingi ulikuwa umeanza kumkatalia. Kope zilikuwa zinatetemeka na hakuweza kuzizuia. Kitu cha moto kilitoka kwenye kona ya jicho, kikachimba njia kwenye majivu kuelekea sikioni.

Pancras hakukiona. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Nilikutumia salamu kila Krismasi," alisema. "Kila Pasaka. Hukujibu. Mara moja tu ulijibu. Uliandika, 'Nitasema na wewe siku nikifa.'"

Akakwangua tope kwenye kiganja.

"Sikuweza kukwambia ukweli, kwa sababu ya mzee. Nikasema, basi, nitasubiri. Nimesubiri, Frednand. Haya, umekufa. Mimi nipo hapa, na nimekuchimbia mimi mwenyewe. Sema."

Akina mama walipandisha kilio. Ilikuwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo, sauti ambayo mtu wa jenezani angeweza kupumua chini yake bila kujulikana na yeyote. Mzee Ndikuriyo alikuwa anatikisa kichwa polepole: hapana, mwanangu, hapana.

"Sema!" alisema Pancras, akaupiga ubao kwa ngumi.

"Nisamehe, kaka," alisema marehemu.

Kilio kikakatika. Jembe moja likaanguka chini, halafu jingine. Mtu akakimbia, kisha wengi wakakimbia, kuni na mikungu ya ndizi ikitupwa njiani. Na waliobaki, wanaume wenye majembe, walianza kusogea.

Pancras hakusogea. Alimtazama mdogo wake usoni, akatazama mfereji mwembamba wa chozi katikati ya majivu, akaiangalia kamera kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu, bila kugeuza kichwa, akauliza kwa sauti ambayo hata Eustakia hakuthubutu kuiongezea neno:

"Baba. Ulipomgusa, ulijua?"